Mfungamano si Mawasiliano

Ndugu walimu, wako miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba fizikia ya kwantumu ina lugha zake, na kwamba Kiswahili kikiigusa hakiwezi ila kusimulia ngano. Tungeyapuuza maneno hayo lau tusingewapa hoja sisi wenyewe. Dhana ile ambayo Schrödinger aliipa jina mwaka 1935, wengi wetu tumeifasiri "mawasiliano ya mbali", kana kwamba chembe zinapelekeana barua. Fasiri hiyo ni ya uongo, nasi twaipinga.

Tutazame jambo lenyewe. Mwaka 2011 wataalamu wa Innsbruck, Austria, walipanga ioni 14 za kalsiamu katika mstari mmoja ndani ya ombwe. Kila ioni ilitumika kama spini yenye hali mbili, tuziite juu na chini; mstari mzima ukawa mnyororo wa spini. Ili kuzifungamanisha hawakuigusa ioni moja moja. Mwanga ule ule wa leza uliziangaza zote kwa pamoja. Hapo hatukosi msemaji wa kutuletea mfano wa gwaride: amri moja, askari wote wakageuka. La hasha! Askari kila mmoja ana mgeuko wake. Mwondoe jirani yake, yeye bado ameelekea kushoto. Amri peke yake haifungi. Kilichozifunga ioni ni kwamba zina chaji ya aina moja, nazo husukumana, hata moja ikitikisika mstari wote hutikisika. Leza iliutumia mtikisiko huo wa shirika kuziunganisha spini. Hali iliyokusudiwa haikuwa ya ioni yoyote peke yake. Ilikuwa moja ya mstari mzima: zote juu pamoja na zote chini, bila kuamuliwa. Ukiipima moja ukaikuta juu, nyingine nazo utazikuta juu. Wala hakuna habari iliyosafiri, maana mpimaji hawezi kuchagua atakachokikuta.

Sasa nani asemaye hatuna neno? Kufungana ni tendo: huyu amfunga yule, yule amfunga huyu, hata timu mbili za mpira hufungana, kisha kila moja ikarudi kwao. Kufungamana ni hali, kama kushikamana na kugandamana, wala hakumtaji mtendaji. Kifaransa, ambacho watoto wa Burundi na Kongo husomea fizikia, hakina kiambishi cha namna hiyo. Tunasema mfungamano. Atakaye kuendelea kufundisha "mawasiliano", na atuonyeshe hizo barua.