Jina Lilitukuta Tukiwa Uganda

JICHO LA MAGHARIBI
Na Nekesa Wanyama

Mwulize mwanafunzi wa Bungoma nchi yetu ilipata wapi jina, atakujibu: mlimani. Mbane kidogo, atamtaja Krapf, mmishenari Mjerumani aliyeuona mlima huo tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui kwa Chifu Kivoi. Wakikuyu waliuita Kirinyaga. Krapf aliandika jina alivyolisikia kwa Wakamba. Kule Ulaya mabingwa wa jiografia walimdhihaki. Theluji kwenye ikweta!

Somo hukomea hapo, na sisi wa huku tunaachwa mlangoni. Mwaka huo babu zetu walikuwa wakiutazama mlima mwingine, Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Tena Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 hawakuiita Kenya. Iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, nayo haikufika Bungoma. Sisi tulikuwa Uganda, katika Mkoa wa Mashariki ulioenea hadi upande wa Naivasha. Wabukusu waliouawa katika ngome ya Chetambe mwaka huohuo waliuawa na kikosi cha watawala wa Uganda, chini ya afisa Mwingereza, Hobley. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa: watu wakalala Uganda, wakaamka Afrika Mashariki, na hakuna aliyehamisha hata ng'ombe mmoja. Jina la Kenya likaja mwaka 1920, himaya ilipogeuzwa koloni. Mlima ambao wengi huku hawakuwahi kuuona ndio uliowapa jina.

Sina ugomvi na jina hilo. Limekwisha kuwa letu, na tunalipigia kelele kila mwanariadha wetu anapokata utepe. Ugomvi wangu ni na hawa wanaopanda majukwaani kura zikinukia, wakawapanga watu: huyu mwenyeji, yule wa kuja. Wangejua jina la Bungoma lilikotoka, wangepunguza sauti. Linatokana na Bong'om, jamii ndogo ya Kikalenjin iliyokuwa katika ardhi hii. Kwa hiyo Wabukusu, ambao ndio wengi, wanaishi katika kaunti yenye jina la jirani. Na wao wenyewe kwa miaka mingi waliandikwa Kitosh katika vitabu vya serikali ya kikoloni, jina la kubandikwa, mpaka wazee walipolikataa. Webuye nayo iliitwa Broderick Falls. Hilo nadhani hakuna anayelililia.

Bong'om bado wapo. Ni wachache, wengi wao huzungumza Lubukusu, na mgeni hawezi kuwatofautisha na majirani. Sijasikia mwanasiasa hata mmoja akiwataja anapohesabu wenyeji. Makao makuu ya kaunti yako mjini, yamebeba jina lao kwenye kila bango na kila gari. Basi idara inayoshughulikia utamaduni ipangiwe fedha katika bajeti ijayo, iende ikarekodi lugha yao wangali wapo wazee wanaoijua.