Kodi ya mshahara wa ng'ambo ya ziwa



Tangu tupate bandari mpya Karema, wapo vijana wetu wanaotazama Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kutafuta ajira, wakiamini mshahara wa Kongo hauihusu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Si kweli. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mwenye makazi ya kudumu Tanzania, akiwapo nchini hata kwa muda mfupi katika mwaka, ni mkazi, na mkazi hutozwa kwa mapato yake yote popote duniani. Mwajiri wa kule hamkatii kodi ya huku. Ritani ni juu ya mfanyakazi mwenyewe. Sheria inamruhusu kutoa katika kodi ya huku ile aliyokwisha kulipa Kongo, ila kwa ushahidi, na ni wangapi kati yao wanaopewa hati ya mshahara?

Kwa upande wa pili, Mkongomani asiye mkazi anayeajiriwa na mwajiri wa hapa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wote, bila nafuu anayopata mkazi ya kutotozwa shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi. Tanzania na Kongo hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kama tulio nao na Zambia; uanze kujadiliwa.

Kwa sasa, naiomba TRA ilete maofisa gatini siku za boti, wawaeleze abiria haya kabla hawajavuka.

Mkazi wa Karema,
Katavi