TUSIWAPE NYUKI KAPSULI

Ndugu wanaushirika,

Mizinga mitatu kule bondeni imepungua nyuki, na milangoni kuna mavi ya rangi ya kahawia. Maneno yamekuwa mengi. Sasa nasikia wenzetu wawili wamefungua kapsuli za tetrasaiklini, zile tunazonyunyizia vidonda, wakakoroga na maji ya sukari, wakawapa nyuki. Siwataji. Nia yao ilikuwa njema, lakini hapa wamekosea.

Huenda ni nosema, hatujapima bado. Nosema ni kimelea cha jamii ya kuvu, hukaa katika utumbo wa nyuki. Wataalamu walikiona hata katika baadhi ya sehemu za pwani ya Kenya. Kapsuli ile kazi yake ni kuua bakteria, kuvu haiiwezi. Sasa inamuua nani? Inaua bakteria wema!

Ndiyo, wapo wema. Nyuki akitoka kwenye sega tumbo lake karibu ni tupu. Siku zile za kwanza anawapata bakteria hao kwa wenzake mzingani, kama mtoto anayekula sahani moja na nduguze. Wanamsaidia kusaga chavua na kuzuia maradhi. Bwana nyuki alinisomea, maana mimi kisomo changu ni cha watu wazima, kwamba mwaka 2017 ilichapishwa habari ya nyuki waliopewa dawa za kuua bakteria: nosema iliwashika zaidi kuliko wasiopewa.

Kuna waliouliza habari ya bakteria wa chupa, eti tutoe fedha za ushirika tununue. Huko Texas, Marekani, mwaka 2023 wataalamu walimbadilisha bakteria mmoja wa tumbo la nyuki ili aipunguze nguvu nosema, na akaipunguza. Lakini hiyo ilikuwa maabara. Mwaka huo huo chupa za dukani zilijaribiwa kwenye mizinga huko huko Marekani, hazikurudisha bakteria waliouawa na dawa. Mimi nasema fedha zikae kwanza.

Tukirina tuwaachie nyuki asali ya kula. Masega meusi ya zamani yatolewe. Mizinga iondoke penye unyevu. Jumanne bwana nyuki atakuja kuchukua nyuki wa kupima kwa hadubini, wenye mizinga muwepo saa mbili asubuhi.

Na asali ya mizinga iliyopewa kapsuli isitiwe katika pipa la ushirika. Mnunuzi akikuta mabaki ya dawa atakataa pipa zima, la wote.

Katibu