Maajabu ya Bahari: Ni Mmoja au Ni Wengi?

Watu wa pwani wamjua konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, na uchungu wa mwasho wake. Lakini katika vilindi vya bahari anao ndugu ambao umbile lao limewashangaza wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Wanyama hao huitwa sifonofora.

Amtazamaye sifonofora huona kama kamba ndefu, laini, iangazayo kama kioo. Kumbe kamba hiyo ni viumbe wadogo wengi walioungana, kila mmoja na kazi yake. Wako waogeleao na kuvuta kamba nzima; wako wanasao na kula samaki wadogo; wengine huzaa. Ajabu ni kwamba mwogeleaji hana kinywa, wala mlaji hawezi kuogelea. Chakula alacho mmoja hupita katika mfereji wa katikati na kuwafikia wote.

Je, huyu ni mnyama mmoja au ni kundi? Mwingereza T. H. Huxley, aliyesafiri katika manowari Rattlesnake toka mwaka 1846 hata 1850, alishika ya kuwa ni mmoja mwenye viungo vingi. Mjerumani Rudolf Leuckart, mwaka 1851, alisema ni jamii iliyogawana kazi. Kila mmoja alikuwa na hoja, kwa maana wote hutokana na yai moja, kisha huchipuka mmoja baada ya mwenzake kama machipukizi ya mgomba. Ila chipukizi la mgomba laweza kupandwa shamba jingine likamea. Mwogeleaji wa sifonofora akibanduliwa peke yake, hawezi kujilisha wala kuanzisha jamii mpya.

Mwaka 2020, karibu na Ningaloo, magharibi ya Australia, mashine ya kuzamia ilimwona sifonofora aliyejikunja kama pete kubwa. Wataalamu walikadiria kwamba mzunguko wa nje peke yake ulikuwa mita 47 hivi.

Yuko pia wa jamii hii aeleaye juu ya maji ya bahari za joto, hata Bahari ya Hindi, akichukuliwa na upepo kwa kibofu chake cha buluu. Mara nyingine mawimbi humtupa ufukoni. Mtu ye yote amwonaye asimguse, hata kama amekufa, kwani nyuzi zake zaweza kuwasha bado. Ushirika umekwisha, lakini askari wake wangali zamuni.