Hadithi za piano zisizo na maneno

Vijana wengi wa mjini wamewahi kuisikia Baladi ya Kwanza ya Chopin bila kujua jina lake. Wapo walioikuta katika katuni ya Kijapani iitwayo Your Lie in April, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2014 na 2015, ambamo kijana Kosei anaipiga katika shindano la mwisho. Wapo pia walioisikia wakimtazama Yuzuru Hanyu akiteleza juu ya barafu na kutwaa dhahabu ya Olimpiki kule Pyeongchang mwaka 2018. Wakiulizwa ni wimbo gani, husema tu, "Ule wa piano, wa kuhuzunisha." Jumapili hii, msomaji mpendwa, tuupe jina lake, kisha tuwatazame ndugu zake, maana baladi za piano ni nyingi na baadhi yake hazisikiki kabisa katika redio zetu.

Baladi hapo kale ilikuwa wimbo wenye kisa. Watu wa Ulaya waliimba habari za vita, mauaji, mapenzi na majini, beti baada ya beti, mwimbaji akisimulia na wasikilizaji wakingoja kujua mwisho wake. Aliyelelewa kwa tendi za pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mashujaa wetu nao waliimbwa kabla ya kuandikwa. Jambo jipya lililozuka katika karne ya 19 ni kwamba watunzi wa piano waliyaondoa maneno, wakabakisha ule mwendo wa kusimulia. Hapa ndipo penye mvutano hadi leo: je, hadithi isiyo na neno hata moja ni hadithi kweli?

Frédéric Chopin ndiye aliyeipa baladi ya piano heshima yake. Aliondoka Warsaw mnamo Novemba 1830 akiwa na umri wa miaka 20, akielekea Vienna kutafuta riziki ya muziki. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wapolandi wakaasi utawala wa Urusi. Rafiki aliyesafiri naye alirudi kupigana, Chopin akabaki. Septemba 1831, akiwa Stuttgart njiani kwenda Paris, akapata habari kwamba Warsaw imeanguka. Hakurudi nyumbani tena mpaka alipofariki Paris mwaka 1849. Ni moyo wake tu uliorudishwa na dada yake Ludwika, na umehifadhiwa ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu jijini Warsaw.

Baladi ya Kwanza, kazi namba 23, ilichapishwa mwaka 1836, na ni tunda la miaka hiyo ya ugenini. Isikilize kwa utaratibu huu. Mwanzo, mikono miwili inapanda pamoja polepole, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza kisa. Kisha unaingia wimbo wa kusitasita, kama mtu asiyetaka kuyataja yaliyomkuta. Baadaye unakuja wimbo wa pili, mpole, wenye matumaini. Sikio lako liushike huo wa pili, kwa sababu utarudi kwa kishindo, ukiwa umevaa mavazi ya ushindi. Lakini ushindi haudumu. Kurasa za mwisho ni mbio na vurugu, hadi mikono yote miwili inapoporomoka kwa nguvu. Yote hayo kwa dakika zisizozidi 10.

Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, aliandika kwamba Chopin alimweleza kuwa baladi zake zilichochewa na mashairi ya Adam Mickiewicz, mshairi wa Poland aliyekuwa mkimbizi vilevile mjini Paris. Tangu hapo wataalamu wamehangaika kulitafutia kila baladi shairi lake. Moja, wanasema, ni kisa cha shujaa fulani, nyingine ni ya binti wa majini. Chopin mwenyewe hakuandika shairi lolote juu ya karatasi zake. Kwa maoni yangu, alikuwa na haki ya kunyamaza. Ukishaambiwa kwamba hapa ni farasi na pale ni ziwa, unaacha kusikiliza, unaanza kumtafuta farasi.

Hadithi nyingine imeivamia baladi hii kupitia sinema. Katika The Pianist ya mwaka 2002, Myahudi Władysław Szpilman, aliyekonda kwa njaa katika magofu ya Warsaw, anaipigia mbele ya afisa wa Kijerumani. Kisa ni cha kweli, na afisa huyo, Wilm Hosenfeld, alimsaidia kwa chakula hadi akaokoka. Ila wimbo ulibadilishwa. Katika kumbukumbu zake Szpilman anasema alichopiga siku hiyo ni Nokteni ya Chopin, kazi fupi na tulivu zaidi. Ukifikiri kidogo utaona ni ya kusadikika kuliko sinema: mtu ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi, na ambaye hajagusa piano kwa zaidi ya miaka miwili, angeanzia wapi kuzikimbia zile kurasa za mwisho? Hata hivyo mwelekezaji Roman Polanski alijua alichotaka. Wanazi walikuwa wamepiga marufuku muziki wa Chopin katika Poland waliyoiteka, na mwaka 1940 walilipua sanamu yake Warsaw.

Baladi ya Pili ina kisa cha kuchekesha nyuma yake, ingawa yenyewe haichekeshi. Msimu wa baridi wa 1838 kuingia 1839 Chopin alikwenda kisiwa cha Majorca pamoja na mwandishi George Sand na watoto wa mama huyo. Kifua kilikuwa kikimsumbua, mvua haikukatika, nao wakaishia kupanga vyumba katika nyumba ya watawa iliyoachwa huko Valldemossa. Piano yake aina ya Pleyel iliyosafirishwa kutoka Paris ikakwama forodhani wiki nyingi, na ilipotoka, muda wao kisiwani ulikuwa umekaribia kwisha. (Aliyewahi kungoja mzigo Kilindini na atikise kichwa.) Katika hali hiyo ndipo alipoikamilisha baladi inayoanza kama bembelezi ya mtoto, halafu bila onyo inapasuka kwa radi. Bembelezi inarudi, radi inarudi, na mwisho wimbo unafia mahali pengine kabisa, si pale ulipoanzia. Alimtunukia Schumann.

Ya Tatu, ya mwaka 1841, ndiyo yenye tabasamu, nami humshauri asiyeujua muziki huu aanzie hapo. Ya Nne, ya mwaka uliofuata, ni nzito zaidi, na wapigaji wengi huihesabu kuwa kilele cha zote. Usikate tamaa ukiisikia mara tatu bila kuielewa. Zote nne kwa pamoja huchukua chini ya dakika 40, na mojawapo ya rekodi zinazosifiwa sana ni ya Mpolandi Krystian Zimerman.

Hivi karibuni mama mmoja wa Nairobi aliiandikia safu hii kwamba mwanawe wa darasa la nane, aliyejifunza kinanda kanisani kwa miaka miwili, amekataa kabisa vitabu vya mwalimu wake. Anataka Baladi ya Kwanza ya Chopin au basi. Mama, usimkejeli kijana, wala usimruhusu. Baladi hiyo huwatoa jasho wanafunzi wa vyuo vya muziki, na mkono ambao haujakomaa unaweza kuumia kwa kulazimishwa. Mpe baladi ya saizi yake. Friedrich Burgmüller alichapisha mwaka 1851 mazoezi 25 mepesi, kazi namba 100, na la 15 linaitwa Baladi. Ni kurasa mbili tu. Mkono wa kushoto unanong'ona kama mwizi gizani huku wa kulia ukigonga mlango, na katikati jua linachomoza kidogo. Mtoto akiipiga taa zikiwa zimezimwa, wadogo zake watakimbilia jikoni. Akishaiweza hiyo na kukua, aitafute Baladi ya Clara Wieck, binti aliyeichapisha mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka 16 au 17 tu, katika mkusanyo wake Soirées musicales. Mwaka huohuo, ndiyo, na ile ya kwanza ya Chopin.

Clara huyo baadaye aliolewa na Schumann, na nyumba yao ndiyo inayotufikisha kwa Johannes Brahms. Kijana Brahms alibisha hodi kwao Düsseldorf mwaka 1853, akapokewa kama mwana. Miezi michache baadaye, Februari 1854, Schumann alijitupa katika mto Rhine. Aliopolewa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, naye hakutoka humo hadi kifo chake mwaka 1856. Clara alikuwa mjamzito. Brahms alihamia karibu kuisaidia familia, na katika kiangazi cha mwaka huo, akiwa na miaka 21, akatunga baladi nne, kazi namba 10.

Ya kwanza, tofauti na zile za Chopin, inataja wazi kisa chake: ni wimbo wa kale wa Uskoti uitwao Edward, ambao Brahms aliusoma kwa Kijerumani. Mama anamuuliza mwanawe kwa nini upanga wake una damu. Kijana anajibu kwamba amemuua mwewe wake. Mama hasadiki. Anasema basi ni farasi wake. Mama hasadiki vilevile. Mwisho anakiri kwamba amemuua babake, na katika beti la mwisho tunagundua kwamba mama ndiye aliyemshauri. Sikiliza piano: swali linaulizwa kwa sauti ya chini, jibu linakwepa, swali linarudi. Katikati hasira inalipuka, kisha wimbo wa mama unarejea, umekatika-katika, na chini yake mkono wa kushoto unatembea kwa vituo kama mtu asiyejua aende wapi. Hapa hadithi ninaikubali, maana mtunzi mwenyewe ameileta.

Tukiwa bado kwenye huzuni, niruhusu nikutajie ile niipendayo kuliko zote, ambayo hata wapenzi wa piano huiruka. Ni ya Edvard Grieg wa Norway, kazi namba 24. Grieg alikwisha kumzika mtoto wake wa pekee, Alexandra, mwaka 1869. Mwaka 1875 wazazi wake wote wawili walifariki wakiwa wamepishana kwa wiki chache tu, na mamake, Gesine, ndiye aliyemfundisha piano. Majira hayo ya baridi, akiwa Bergen, alichukua wimbo mmoja wa wananchi wa Norway, wimbo wa kawaida kabisa, akaugeuza sura mara 14: mara ni kilio, mara ni dansi, mara ni maandamano ya mazishi, hadi unapofikia dhoruba ya kutisha. Kisha, ghafla, noti moja nene chini kabisa. Kimya. Na wimbo ule wa mwanzo unarudi vilevile ulivyokuwa, ila hauimbwi hadi mwisho. Grieg aliwapigia marafiki faraghani, na inasimuliwa kwamba ilimwacha hoi. Mbele ya umma hakuipiga kamwe. Mwenzake wa Norway, Leif Ove Andsnes, ameirekodi.

Nyingine nitazipitia haraka. Franz Liszt aliacha mbili. Ya pili, ya mwaka 1853, inaanza kwa mawimbi mazito ya mkono wa kushoto, na Claudio Arrau wa Chile, aliyefundishwa na mwanafunzi wa Liszt, alishikilia kuwa ni kisa cha Leander aliyekuwa akivuka bahari usiku kwa kuogelea amwone mpenzi wake Hero, mpaka usiku alipozama. Gabriel Fauré wa Ufaransa alimwonyesha Liszt baladi yake, na bingwa huyo akalalamika kuwa ni ngumu mno! Ya Debussy ya mwaka 1890 ni tamu, lakini haina kisa, na sioni hasara kuiweka kando.

Isiyostahili kuwekwa kando ni ya Amy Beach wa Marekani, ya mwaka 1894. Mama huyu alikuwa mpigaji hodari tangu utotoni. Alipoolewa mwaka 1885 akiwa na miaka 18, mumewe, daktari wa Boston aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20, alimtaka apunguze mno kupiga hadharani. Kutunga kulikubaliwa. Baladi yake, iliyojengwa juu ya wimbo wake mwenyewe wa mapenzi, inaanza kwa adabu za sebuleni, kisha inafura hadi piano inaonekana ndogo. Mumewe alifariki mwaka 1910, na mwaka uliofuata Amy akapanda meli kwenda Ulaya kupiga piano.

Na kwa anayedhani muziki huu ni wa mabaroni tu, wapo wafanyakazi pia. Kati ya 1978 na 1979 Mmarekani Frederic Rzewski, aliyefariki mwaka 2021, alitunga baladi nne kutokana na nyimbo za vibarua na wapinzani wa vita nchini mwake. Mojawapo, Which Side Are You On?, ilitokana na mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Harlan, Kentucky, mwaka 1931. Watu wa sherifu walivamia nyumba ya Florence Reece wakimtafuta mumewe, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na walipoondoka mama huyo akachana karatasi ya kalenda ukutani na kuandika maneno ya wimbo. Ya mwisho katika zile nne inahusu kiwanda cha pamba cha Winnsboro, South Carolina. Mpigaji anaanza chini kabisa mwa piano, akirudia mdundo uleule kama mashine, akiuongeza sauti kidogo kidogo, mpaka vidole havitoshi tena na analazimika kuzipiga noti kwa mikono mizima, kuanzia kiwiko. Ni baada ya kelele hizo zote ndipo unapousikia, mbali, wimbo wa mfanyakazi mwenyewe.