KELELE YA KLACHI SI UZEE WA GARI, NI UZEMBE WETU

Ndugu wanakijiji,

Gari letu la ushirika, ile pikapu, linalia. Kila mtu kasikia. Wenzetu wengine wanasema, eti gari zee lazima lipige kelele. Sisi tunasema hapana. Chuma kinacholia kina ugonjwa, na ugonjwa una mahali pake.

Msimu uliopita kelele hii hii tuliisikia wiki nzima tukanyamaza, hata sie wa ofisini. Gari likakwama mlimani, magunia ya mahindi yakanyeshewa siku mbili. Dereva akamlaumu fundi, fundi akamlaumu dereva. Mahindi yakaoza, lawama hazikuoza.

Sasa kabla ya kutoa hata senti moja, tulisikilize gari kwanza. Lisimame tambarare, handibreki ivutwe, gia iwe huru, injini iwake. Usiguse klachi, sikiliza. Kisha kanyaga klachi mpaka chini, sikiliza tena.

Kelele ikija unapokanyaga na kuondoka unapoachia, mgonjwa ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha plati. Kelele ikiwepo mguu ukiwa mbali, ikanyamaza unapokanyaga, tazama giaboksi: kwanza oili yake, halafu beringi ya shafti ya mbele. Haya ni magonjwa mawili. Anayeyatibu kwa dawa moja anatupa hela zetu.

Gari letu linalia likikanyagwa klachi. Ni beringi. Nani kaiua? Ni mguu! Madereva wetu wanalaza mguu juu ya klachi njia nzima kama wamekaa barazani. Beringi inazunguka ikiwa imebanwa, inachemka, grisi inakwisha, inalia.

Wapo waliotaka kumimina oili kupitia tundu la juu ili inyamaze. Jamani! Oili ikigusa plati ya klachi, plati inateleza, na mlima hatupandi.

Wapo pia wanaotaka beringi kuukuu, eti kuokoa fedha. Kushusha giaboksi ni kazi ile ile, beringi iwe kuukuu au mpya. Tukiweka kuukuu, tutaishusha mara mbili na kumlipa fundi mara mbili. Hiyo ndiyo kuokoa?

Kwa hiyo tunasema: beringi inunuliwe mpya. Giaboksi ikishuka, fundi atazame plati imebaki unene gani, presha plati kama imeungua, na uma wa klachi kama umelika. Kilichokwisha kibadilishwe siku hiyo hiyo, mbele ya wajumbe wawili. Vya zamani viletwe ofisini tuvione. Pedali irekebishwe, iwe na ulegevu kidogo kabla ya kushika.

Na daftari la gari liandikwe. Dereva akisikia mlio mpya, aandike siku hiyo hiyo. Darasa la watu wazima tumelisoma ukubwani, mstari mmoja hautushindi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MGUU UTOKE KWENYE KLACHI!
MALI YA USHIRIKA NI JASHO LETU!

Katibu wa Chama,
kwa niaba ya ofisi ya kijiji