Kabla ya Tundu la Bunduki, Hukumu ya Nyama

Vijana wetu walioko Uingereza hawaachi kuniuliza juu ya bunduki za upepo. Ni watoto wa Mombasa, Lamu na Malindi waliokwenda kutafuta maisha, na huko wamezoeana na wenye mashamba wanaosumbuliwa na sungura. Mwenye shamba huwapa ruhusa, nao huwinda. Swali lao huwa moja: "Ami, tununue ya tundu gani, .177 au .22?"

Nitawajibu, ingawa naona liko jambo lililostahili kuulizwa kabla ya hilo. Tuanze na chuma, kisha tuje kwenye nyama.

Bunduki ya upepo haina baruti. Kirisasi chake husukumwa kwa nguvu ya springi au ya hewa iliyoshindiliwa. Mtutu wa .177 una tundu la milimita 4.5, na wa .22 una milimita 5.5. Huko England na Wales, mwenye umri wa miaka 18 huweza kununua bunduki ya namna hii bila ya cheti, maadamu nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Scotland wamekaza zaidi: tangu siku ya mwisho ya mwaka 2016, cheti ni lazima.

Basi ikiwa nguvu imewekewa mpaka, tofauti iko wapi? Iko kwenye uzito na mbio. Kirisasi cha .177 ni chepesi, kama nusu gramu, nacho hutoka kwa mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde. Cha .22 hukaribia gramu nzima, na mwendo wake ni kama mita 180. Kile chepesi hunyooka, hata mpigaji akikosea kidogo kukisia umbali, shabaha haimpotei sana. Kile kizito hushuka mapema, lakini kikifika hupiga kwa kishindo na jeraha lake ni pana zaidi. Chepesi kikikosa mahali penyewe huweza kupenya na kutokea upande wa pili, mnyama akakimbia akafia kwenye shimo lake. Waingereza wana msemo wao wa tangu zamani, kwamba .177 ni ya ndege na .22 ni ya wanyama wenye manyoya.

Hayo ndiyo ya chuma. Sasa tuje kwenye nyama.

Neno bunduki lenyewe tumelitoa kwa Waarabu. Bunduq kwao ni tunda dogo gumu lenye ganda, na jina hilo wakalipa kijidonge cha udongo walichorushia ndege kabla ya baruti kuenea. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amekitaja kijidonge hicho katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi. Amekiweka pamoja na vitu vinavyoua kwa uzito wala si kwa makali, na mnyama aliyekufa kwa kitu cha namna hiyo haliwi. Asili ya hukumu hiyo ni aya ya tatu ya Suratul Maida, inayomharimisha aliyekufa kwa kupigwa, ila yule tuliyemdiriki tukamchinja. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Adiy bin Hatim kwamba chombo kikiua kwa ncha yake mnyama ni wa kuliwa, na kikiua kwa ubavu wake asiliwe.

Hapa mwambao hatukuhitaji kitabu kikubwa kulijua hilo. Sisi tuliosoma chuoni zama zetu, mtoto hakutoka na manati bila ya wembe mfukoni. Njiwa akianguka, mbio ilikuwa ni ya kumwahi akiwa hai. Aliyekufa kabla ya wembe alikuwa ni wa paka.

Je, kirisasi cha leo ni kile kijidonge cha udongo? Hapo wanazuoni wamehitilafiana. Wako waliosema risasi hupenya na kumwaga damu, basi ni mfano wa mshale. Dardir wa Misri, katika Malik, aliihalalisha, na Shawkani wa Yemen vilevile. Wengi wa Shafi na Hanafi walisema risasi huua kwa kishindo, basi asiyedirikiwa na kisu ni mzoga. Hao walizungumzia risasi ya baruti. Ya upepo, iliyo dhaifu kuliko hiyo, ina shaka kubwa zaidi.

Ndugu msomaji, sasa tazama mtego ulipo. Muungwana wa mawindo hulenga kichwa, sungura afe papo hapo asiteseke. Na hiyo ni rehema. Mtume ametuamrisha tutende wema hata katika kuua. Lakini sungura aliyepasuliwa ubongo, ukimfikia anatapatapa tu, hana ule uhai uliotulia ambao Shafi wameushurutisha ili kisu kihalalishe. Basi yuko kijana atakayewaza: nimpige mguu, au kiunoni, nimkute hai nimchinje. La hasha! Huko ni kumtesa kiumbe kwa kisingizio cha dini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa rai yangu, na mimi si mufti, kijana achague hukumu kabla ya kuchagua tundu. Amwendee mwanachuoni anayemwamini. Akifuata kauli ya wanaohalalisha, basi apige bismillahi akifyatua na alenge kichwa. Akibaki na kauli ya Shafi tuliyolelewa nayo, bunduki ya upepo na iwe ya kulinda mboga za mwenye shamba, na kitoweo akitafute kwa mchinjaji. Kisichofaa ni kufuata kauli hii asubuhi na ile jioni, kwa kadiri ya njaa.

Na tundu? Kwa sungura, mimi nasema .22, kwa kuwa hupiga kwa uzito na haraka humwangusha mnyama alipo. Lakini tundu halimfichi mpigaji mbovu. Atundike karatasi, apige mara tano. Masafa ambayo vile vitano huingia katika duara la sarafu ya shilingi ishirini, hayo ndiyo masafa yake. Na hata akiwa hodari, mita 30 zinamtosha.

Kwa mlioko hapa Kenya, msidanganyike na wivu. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungua mlango huo. Wala mtu asidhani kwamba kisichokuwa na baruti hakina sheria. Aulize polisi kabla hajatoa senti yake. Kitoweo chetu kiko baharini, na samaki hana haja ya kisu wala ya fatwa.